Ndoo ya Bi Mwanvita

Asubuhi Bi Mwanvita alipohamia mtaani kwetu Mapinga, nilikuwa nje nachoma chapati za biashara, na gari lililopita mbele yangu nilidhani ni la muuza miche. Lilikuwa kirikuu, pikapu ndogo ya mizigo, na nyuma hakukuwa na kitu ila majani: asumini, mirehani, mikadi yenye miiba, mwaridi uliopogolewa hadi ukabaki vijiti, mlangilangi mchanga uliolazwa ubavu kama mgonjwa. Kila mmea umefungwa kiroba kwenye mizizi. Kitanda kilikuja safari ya pili. Masufuria na makochi yakaja jioni, yakiwa yamechoka kuliko mimea.

Mimi nilihamia huku na godoro, jiko la gesi na runinga. Mpapai wangu uliokuwa umeanza kuzaa niliuacha kwa mwenye nyumba bila kuugeukia. Kwa hiyo nilizima jiko nikaenda kutazama.

Mama mwenyewe alikaa mbele, pembeni ya dereva, amepakata ndoo ya rangi iliyofunikwa kanga. Nilimwamkia, akaitika, nikajitambulisha kuwa ni Arafa, jirani wa ukuta kwa ukuta. Akaniruhusu kubeba asumini. Nilipoinyooshea mkono ile ndoo, akaivuta kwake. Kanga ikateleza na nikaona ndani: udongo. Mchanga mweusi kidogo, mkavu, hauna hata jani moja.

Nikamuuliza kuna nini humo.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nikijua nitakwambia."

Nilifikiri ananitania, au ananificha kitu, maana wengine huhama na mambo yao. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amesema kweli tupu.

Bi Mwanvita alizaliwa Kaole, akaolewa Kaole, na mpaka mwaka ule hakuwahi kulala mahali pengine kwa zaidi ya wiki. Kule alijulikana kwa vikuba. Harusi ikitangazwa, kuanzia Kaole mpaka Bagamoyo mjini, watu walikwenda kwake kuagiza: asumini, vipande vya kadi, rehani, waridi, vyote amevifunga kwa uzi kwenye jani, bibi harusi akipita harufu inabaki chumbani. Hakuwa na shamba la maua. Alikuwa na ua wa nyumba yake tu, umejaa mpaka njia ya kwenda kisimani ikawa ya kupita mtu mmoja.

Mumewe, Shuaibu, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alinunua dagaa na ng'onda pwani, akapeleka bara, akarudi na mahindi na mbaazi. Mara nyingi aliuzia gulio la Lugoba, na huko ndiko alikompata Sihaba, akamwoa mke wa pili na kumleta Kaole. Mikdad, mtoto wa pekee wa Bi Mwanvita, alikuwa hajaanza shule.

Siku zile za kwanza za ujirani wetu Bi Mwanvita alinisimulia habari za Sihaba kwa maneno machache, kama mtu anayetaja mvua iliyopita zamani. Hawakupigana wala kutukanana. Waliambizana yaliyokuwa lazima: chumvi imekwisha, kisima kina zamu, mzee karudi. Sihaba alikuja na mafurushi ya mimea ya kwao, akaipanda popote palipobaki nafasi, na Kaole penye mchanga na hewa ya chumvi ikamfia mmoja baada ya mwingine. Hakuzaa. Baada ya miaka kadhaa yeye na Shuaibu wakaachana kwa wema, akarudi Lugoba, na hapakuwa na mtu aliyemzungumzia tena.

Mwaka uliofuata, mvua za kwanza za masika ziliponyesha, Bi Mwanvita alikuwa anakwenda bafuni akaona kitu chekundu nyuma ya ukuta. Ardhi ilikuwa wazi, hakuna jani, hakuna mche, na katikati yake limesimama ua moja kwenye kikonyo kinene chenye madoadoa. Duara kama mpira, ukubwa wa kichwa cha mtoto, lote nyuzi nyekundu. Aliweka kopo la maji chini. Aliniambia hakukumbuka tena alichokuwa akiendea.

Mahali pale alipajua. Ndipo alipomwona Sihaba ameinama mara nyingi, na kila alipopita, Sihaba alijifanya anafua. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuling'oa. Aliogopa kidogo, na alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini alitaka kwanza kuona litafanya nini. Likakaa siku zake, likanyauka, yakatoka majani mapana, yakakaa mpaka kiangazi yakafa, ardhi ikawa wazi tena kana kwamba hapakuwa na kitu. Basi akasubiri kuona kama litarudi. Likarudi, mawili. Akamuuliza Shuaibu ni ua gani. Shuaibu akasema ni la kwao Sihaba, akaingia ndani. Bi Mwanvita hakuuliza tena.

Na likawa hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila masika Bi Mwanvita alikuwa na jambo la kungojea nyuma ya bafu. Mwaka wa mwisho yalitoka mengi kiasi kwamba wanawake wa jirani walikuja kupiga picha. Walimuuliza jina lake, akawaambia hajui, wakadhani ana choyo.

Shuaibu alifariki. Ukuta wa nyumba ukaanguka na masika makubwa, na kiwanja kilikuwa cha ukoo, akarudi kukichukua shemeji yake Abdullatif, mtu mwema aliyetaka kulima muhogo. Mikdad alikuwa ameshajenga Mapinga, kwa sababu kazi yake ni Bunju na njia ni fupi. Akamwambia mama yake ahame. Bi Mwanvita akakubali, kwa sharti kwamba gari la kwanza lisibebe fanicha.

Tatizo likawa lile ua. Ilikuwa Februari, jua kali, na ardhini hapakuonekana kitu. Alijua mahali tu. Hakujua kama chini kuna mizizi, au mbegu, au nini, kwa sababu miaka yote hiyo hakuwahi kuchimbua. Alichimba kwa mkono, na kwa kina cha kiganja akakuta matunguu, meupe, yameshikana kama vitunguu vilivyosahauliwa shambani. Hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Hakujua kama kuyagusa tu ameshayaua. Akayatia yote kwenye ndoo na udongo wake, akaipakata mpaka Mapinga.

Tulipanda pamoja. Udongo wetu si kama wa Kaole. Ni mzito, ukinyesha unashika kiatu, jua likiwaka unapasuka. Mirehani haikujali, ilishika wiki ile ile. Mikadi ikakaa kimya lakini hai. Mwaridi mmoja ulikufa, mwingine ukachipua chini kabisa ulipokuwa umeshakatiwa tamaa. Asumini ilipukutisha majani yote, na kwa muda Bi Mwanvita alikuwa anaipita bila kuitazama, kama mtu aliyekosana na ndugu. Halafu ikatoa chipukizi. Siku ile alinipikia wali wa nazi.

Ndoo ilikaa kivulini, karibu na tangi la maji. Machi ilifika, mvua ikanyesha, na Bi Mwanvita akaanza kuamka akienda moja kwa moja kwenye ndoo. Hakukuwa na kitu. Kila baada ya siku chache alipekua udongo kwa kidole mpaka aguse tunguu moja, alibonye kuona kama ni gumu, kisha alifukie. Lilikuwa gumu. Masika yakaisha, na ndoo ikabaki ndoo ya udongo. Hata mimi nilianza kuichungulia kila nikipita kuomba kiberiti.

Jioni moja alikuja ukutani akaniambia amefikiri, na ameona hakuna wa kumuuliza ila mwenyewe.

Nikamuuliza kama Sihaba yu hai. Hajui. Kama anakaa pale pale Lugoba. Hajui. Mikdad alipoambiwa alitaka kucheka, halafu akasema anamkumbuka yule mama, alikuwa akimkatia miwa vipande vidogo vidogo. Hakuweza kuacha kazi. Basi nikaenda naye mimi, na nikiri kwamba sikuombwa mara mbili.

Tulipita Bagamoyo, tukashika barabara ya Msata, kisha tukateremka Lugoba. Bi Mwanvita alivaa baibui lake zuri. Kwenye mkoba alikuwa na ng'onda aliowafunga kwenye karatasi, kichane cha asumini kilichofungwa kitambaa chenye maji, na tunguu moja ndani ya leso. Njiani aliniuliza mara moja tu kama nadhani anaonekana mzee.

Lugoba ni mji wa barabarani, malori ya kokoto yanapita mchana kutwa na vumbi lake jekundu limekaa juu ya mabati. Tuliuliza sokoni. Muuza nyanya wa kwanza hakumjua, wa pili akauliza Sihaba yupi, yule aliyewahi kuolewa pwani? Akatuelekeza nyuma ya msikiti, nyumba yenye mbaazi.

Tulimkuta amekaa kwenye mkeka, anabambua mbaazi mbichi kwenye sinia. Mama mwembamba, mtandio umerudi nyuma, mvi zimeanza mbele. Alinyanyua macho akatutazama, kwanza mimi, kisha Bi Mwanvita, na mikono yake ikasimama.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba, Sihaba. Hujambo mwenzangu?"

"Sijambo. Habari za Shuaibu nilizipata. Nilimsomea hapa hapa."

Bi Mwanvita akasema Mungu ampokee. Tukakaribishwa mkekani, maji yakaletwa, na kwa muda mrefu tukabambua mbaazi sote watatu, tukiulizana habari za afya, za mvua, za Mikdad. Nilianza kudhani tutarudi Mapinga bila swali kuulizwa. Hatimaye Bi Mwanvita akatoa leso, akaifungua, akaliweka tunguu katikati ya mkeka.

Sihaba hakuligusa. Alisogeza kichwa.

"Hili umelipata wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya bafu, ulipolipanda."

"Lilikufa lile," Sihaba akasema. "Lilikufa kabla sijaondoka."

"Halikufa. Limetoa maua miaka yote."

Hapo Sihaba alilichukua. Akaligeuza, akalinusa, akalifuta udongo kwa ncha ya kanga. Na badala ya Bi Mwanvita kuuliza, akaanza kuuliza yeye. Lilitoa lini kwa mara ya kwanza? Mangapi? Mekundu kabisa, au yalipauka kwa chumvi? Kikonyo kilikuwa na madoa? Majani yalitangulia au ua? Bi Mwanvita alijibu kila swali, mwanzo polepole, halafu kwa mikono, akionyesha urefu, akionyesha duara. Nilikaa nikisikiliza wanawake wawili waliokaa ua mmoja bila kuzungumza sasa wanakatizana maneno.

Ikawa wazi kilichotokea. Ua lile lilikuwa la bibi yake Sihaba. Lilimea porini upande wa milimani, na watoto waliliita mpira, wakubwa hawakuliita kitu. Alipoolewa alichimba moja akaenda nalo, kwa sababu alitaka awe na kitu cha nyumbani cha kumtokea kila mwaka. Alilipanda mbele ya nyumba, likakaa kimya. Akalihamishia kisimani, likakaa kimya. Mwisho akalipeleka nyuma ya bafu, ambapo hakuna mtu aliyepahitaji.

"Nilikuwa na wasiwasi nalo," akasema. "Nilikuwa nalifukua kila mara, nitazame kama li hai. Nikilikuta zima nafurahi, nalirudisha. Wiki nyingine tena nafukua. Ndiyo yale uliyokuwa ukiniona nimeinama."

"Mimi nilidhani unafukia dawa," Bi Mwanvita akasema.

"Ningekuwa na dawa ningekosa mtoto?"

Alisema bila uchungu, kama mtu anayetaja bei ya sukari, lakini Bi Mwanvita aliinamisha macho kwenye mbaazi.

Baada ya hapo Sihaba akamweleza. Ua lile halipendi kuguswa. Bibi yake alikuwa akisema hivyo, na yeye alijua, lakini hakuweza kujizuia. Lipandwe kivulini, shingo ya tunguu iwe sawasawa na uso wa udongo, mbuzi wasilikaribie kwa kuwa lina sumu, halafu liachwe. Likichukia linaweza kukaa mwaka, miaka miwili, bila kutoa kitu. Bi Mwanvita akakiri kwamba na yeye amekuwa akipekua ndoo kwa kidole. Sihaba akacheka kwa mara ya kwanza, akajifunika mdomo, na nikaona jinsi alivyokuwa enzi za usichana.

Nikamuuliza kama tunaweza kwenda kuona mengine porini. Akasema hayapo tena. Upande ule kumechimbwa kokoto, kilima chenyewe kimekatwa nusu, na yeye hajaliona ua lile tangu arudi kutoka pwani. Bi Mwanvita alisikia hayo, akafunga leso tupu na kuirudisha mkobani. Tunguu akaliacha mkekani mbele ya Sihaba. Sihaba ndiye aliyeuliza kuhusu asumini iliyokuwa ikinukia mkobani, kama tulikuja nayo kwa bahati au kwa makusudi.

"Nilikuwa nalala nimefungua dirisha kwa ajili yake," akasema. "Sikuwahi kuiomba."

"Ungeiomba nisingekupa," Bi Mwanvita akajibu. "Siku zile."

Tuliporudi Mapinga tulichimba mashimo nyuma ya tangi, tukapanda matunguu kama alivyoelekeza, na ndoo ikawa ya kuchotea maji. Bi Mwanvita alizungushia mawe, akaniambia asimwone mtu hapo, akiwamo yeye mwenyewe. Alijitahidi. Mara moja moja nilimwona amesimama karibu, mikono nyuma.

Mwezi wa Oktoba Sihaba alikuja. Alishuka barabarani na mfuko wa mbaazi kavu, akaulizia nyumba yenye maua, akaonyeshwa. Majirani walitaka kujua mgeni ni nani, na Bi Mwanvita akawaambia ni mke mwenzake. Wengine walijua kwamba Bi Mwanvita ni mjane wa siku nyingi, wakabaki wanatazamana. Sihaba alizunguka bustani yote, akasema mlangilangi umepandwa karibu mno na ukuta, wakabishana juu ya hilo hadi adhuhuri, na alipoondoka aliondoka na vipandikizi vitatu vya asumini ndani ya chupa za maji zilizokatwa. Viwili vilikufa Lugoba. Cha tatu alikipanda kwenye mtungi na kukiweka mlangoni, kikashika.

Masika yaliyofuata, nyuma ya tangi yalitoka majani. Mapana, mengi, yana afya. Ua halikutoka hata moja. Bi Mwanvita aliyatazama akasema haidhuru. Siku chache baadaye simu yake ikalia nikiwa kwake. Alisikiliza, akauliza mara mbili, akakata, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa baibui.

Lile la Lugoba lilikuwa limetoka. Moja tu, nje ya dirisha la Sihaba.

Aliniachia funguo na kuku. Nilimtarajia baada ya siku chache, kwa kuwa ua lenyewe halidumu. Akakaa mpaka likanyauka, akakaa mpaka majani yakafunguka, akakaa mpaka Mikdad akaanza kupiga simu kwa sauti ya mtu aliyekosewa. Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo. Nikampokea mzigo, nikamuuliza ua lilikuwaje. Akasema zuri, na akaniambia hilo neno moja tu. Kilichokuwa kinamkera kilikuwa kingine kabisa.

"Arafa, mwanangu, sikia jambo," akasema, akikaa hata kabla ya kuvua ushungi. "Marehemu siku za zamu yangu alikuwa akirudi mchana nikimwekea chakula ananiambia ameshakula kwa mwenzangu. Miaka yote nikawa nakasirika. Sasa tumekaa na Sihaba tunazungumza, kumbe na yeye siku za zamu yake akimwekea chakula anamwambia ameshakula kwangu."

Alinitazama kusubiri nielewe.

"Sasa alikuwa anakula wapi?"

Alisema wamelifikiria kwa siku nyingi, wamewapitia akina mama ntilie wote wa zama zile, wa Kaole, wa Bagamoyo, wa njiani, na Sihaba anamshuku mmoja wa karibu na soko la samaki aliyekuwa hodari wa pweza wa nazi. Bi Mwanvita anamshuku mwingine. Kisha akaomba maji ya kunywa, na alipokwisha kunywa akataka nimtafutie namba ya Abdullatif, kwa sababu huenda shemeji yake anakumbuka.